Raba Iliyozikwa Tutani

Enzi zetu sisi tuliokulia huku juu Ufipa, kiatu kilijulikana kama anavyojulikana ng'ombe. Raba mpya ikiingia kwa fulani, kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kimeshajua rangi yake. Sisi wengine tulikanyaga umande peku mpaka miguu ikafa ganzi, kisha tukamwinua ng'ombe alipolala na kusimama hapo hapo, pakiwa bado na joto lake. Ninyi wa rika langu mnalijua joto hilo. Wajukuu wenu mkiwasimulia wanakunja pua.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliishia darasa la nne, na sioni aibu kusema, maana kwa kigoda hiki ninachokalia hapa sokoni Sumbawanga nimejenga nyumba ya bati na nimesomesha watoto watano. Waliosoma wanakuja kwangu viatu vikiachama midomo, wanasimama kwa mguu mmoja kama korongo, wananingoja.

Juu ya kichwa changu, kwenye msumari, inaning'inia soli moja ya mpira wa kahawia. Wateja huniuliza ya nini. Huwajibu ni kipimo. Ni kipimo kweli, lakini hilo si jibu lote. Soli hiyo ilikaa kati yangu na kaka yangu Kasiano zaidi ya miaka hamsini, na hadi mwezi uliopita nilikuwa sijui kama kaka amenisamehe au hapana.

Kijiji chetu kiko upande wa Laela, kwenye uwanda ule usio na miti, upepo ukitoka huko ulikotoka hauna wa kuuzuia. Kasiano alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na moja. Alikuwa na mbio yule! Mbuzi akikatika kamba hatukuhangaika, tulimwita Kasiano. Mama akikumbuka chumvi na maharage yameshaiva, Kasiano alikwenda dukani na kurudi, ugali wa ulezi ukiwa bado unatoa mvuke. Shule ikamchagua akakimbie mjini, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Watatu wa mbele wangepelekwa Mbeya, na ilisemekana aliyefika Mbeya hakosi shule ya kulala wala kazi baadaye. Mwalimu mkuu akatuma neno: mkimbiaji aje na raba.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, hakusema kitu siku mbili. Siku ya tatu akamfungua beberu wake mweupe, yule aliyekuwa akimsifia mbele ya wageni, akampeleka mnadani.

Siku hizo mtoto hakupelekwa mjini kupimwa kiatu. Tata alimwambia Kasiano akanyage chini vizuri. Akachukua unyasi mkavu, akaulaza kutoka kisiginoni hadi kidole gumba, akaukata kwa meno na kuuchomeka kwenye utepe wa kofia yake. Akaondoka. Tuliiangalia kofia ile mpaka ikapotelea bondeni. Alirudi kesho yake jioni, mvua imemnyeshea, kofia imelegea kama jani la boga. Kwapani ana boksi.

Naomba niieleze raba hiyo, kwa sababu ndiyo ya kwanza, na zote nilizozishona na kuzibandika baadaye ni watoto wake. Ilikuwa ya turubai jeupe, pua ya mpira, matundu sita ya kamba kila upande, kila tundu na kipete chake cha shaba. Soli ya kahawia, mistari yake kama mifupa ya samaki. Na chini ya kisigino, mahali ambapo ni udongo tu ungemwona, walikuwa wamechora mbayuwayu anaruka, mkia umepasuka vizuri. Ukikanyaga vumbi unamwacha ndege nyuma yako. Sisi tukaziita raba za Mbayuwayu, na mpaka leo Rukwa nzima wanaziita hivyo. Harufu yake ilijaa nyumba. Mama alisema inamuumiza kichwa, lakini niliona na yeye amelinusa boksi.

"Vaa," Tata akasema.

Kasiano akavaa. Alifunga kamba taratibu, akasimama, akavuka uwanja hadi kwenye kihenge cha ulezi na kurudi, anakanyaga kama mtu anayepita juu ya majivu ya moto. Sote tulidhani ni adabu, hataki kuzichakaza.

"Zimekukaa?"

"Zimenikaa vizuri, Tata. Nashukuru sana."

"Basi vua. Mpaka Jumamosi. Atakayezigusa nitamchuna ngozi nishonee nyingine."

Zikaingia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda chake.

Mimi niliye huyu nilizigusa.

Ilikuwa Jumanne ya juma la mashindano. Siku hiyo Tata alikuwa amealika watu waje kulima ntumba. Kwa asiyelima huku kwetu: nyasi ndefu za masika zinakatwa, zinalazwa kwa mviringo, kisha mabonge ya udongo yanageuzwa juu yake, mizizi ikiangalia mbingu, mpaka linatokea tuta kama chungu kilichofunikwa. Nyasi zinaozea humo ndani, zinakuwa mbolea. Mwaka unaofuata tuta linatawanywa, linapandwa ulezi. Shamba la ntumba likishalimwa, matuta yanafanana kama mayai. Na tuta hilo halibomolewi kabla ya wakati wake. Watu wamekuja na majembe yao, wamekunywa pombe yako, wamekuachia kazi yao ardhini. Kulibomoa ni kuwatukana.

Alfajiri Tata alipotoka kuwapokea watu, nikavuta sanduku. Nilijiambia nitazivaa mpaka mwisho wa shamba na kurudi, nimwone huyo ndege nyuma yangu mara moja tu. Nikavaa. Nilishangaa hazikunipwaya sana. Nikajiona nimekua, nina miguu ya kiume.

Mwisho wa shamba palikuwa na tope. Nikageuka kumtazama ndege, na nikamwona, amekaa kwenye tope vizuri kabisa, wa kushoto na wa kulia. Hapo nikasikia sauti za wanawake wanakuja na vyungu vya pombe, na sauti ya Mama miongoni mwao. Nikavua ya kushoto, nikaitia ndani ya shati. Ya kulia kamba yake ilikuwa imelowa, fundo limekaza. Nilipoing'oa, Mama alikuwa hatua chache. Nikaisukuma chini ya nyasi zilizolazwa, mojawapo ya mafungu ya pembeni kabisa, ambayo nilijua watu hawatayafikia siku hiyo.

"Wewe! Umesimama hapo unangoja nini? Chukua mtungi, maji ya kunywa watu hakuna!"

Kisima chetu kilikuwa mbali. Nilikwenda nakimbia, nikarudi na maji nusu. Lakini wanaume wakishaonja pombe wanalima kwa kushindana, hilo nililisahau. Wawili walikuwa wamebishana nani ana mkono mwepesi. Wote wakawafuata. Pembeni ya shamba, pale palipokuwa na nyasi, palikuwa na matuta. Mapya, meusi, yanatoa mvuke. Yote yanafanana.

Nikamwaga hata hayo maji yaliyobaki.

Raba ya kushoto niliifuta, nikairudisha kwenye boksi. Ijumaa mchana Tata angefungua sanduku azipake chokaa zing'ae. Nilikuwa na Jumatano, Alhamisi na asubuhi ya Ijumaa.

Jumatano kabla watu hawajaamka nikaanza kubomoa. Ukungu ulikuwa mzito, naona tuta moja tu mbele yangu. Nilitumia mikono, nikiogopa mlio wa jembe. Nilifungua matuta tisa. Nyasi, udongo, mnyoo, nyasi. Kila nilipogusa kitu kigumu moyo ulinipanda, kumbe jiwe. Nikayajenga upya, lakini mtoto wa miaka kumi na moja hawezi kujenga walichojenga wanaume. Nyasi zilichomoza juu kama nywele za mgonjwa. Alhamisi nikafungua kumi na mawili. Kucha zilitoka damu. Shuleni mwalimu alinichapa kwa kusinzia, nikaona amenisaidia, angalau nilipata sababu ya kulia.

Alhamisi hiyo mchana Tata akapita shambani. Nilimwona kwa mbali ameinama, anashika tuta moja, anahamia jingine. Alirudi nyumbani, akauchukua mkuki wake nyuma ya mlango, akaanza kuunoa kwenye jiwe.

"Nguruwe wa Mama Skola," akamwambia Mama. "Amefukua shamba langu lote. Kesho akirudi harudi tena."

Mama Skola alikuwa jirani yetu, mjane wa ndugu yake Tata, mwanamke mfupi wa maneno marefu. Mali yake yote duniani ilikuwa jike lile la nguruwe, na lilikuwa na mimba. Jiwe lilisema shii, shii, jioni nzima. Kila shii ilikuwa inapita shingoni kwangu.

Ijumaa asubuhi sikwenda kubomoa. Nilimfuata Tata kwa nyuma. Ukungu ulikuwa umeanza kuachia, na nguruwe yule mpumbavu, katika siku zote za maisha yake, alichagua asubuhi hiyo kuja kusimama kando ya shamba letu, anakula magugu yake tu, hana habari. Tata akainua mkono. Niliona bega lake likirudi nyuma.

"Tata, ni mimi!"

Mkuki haukuondoka. Lakini haukushuka pia.

"Ni wewe nini?"

Nikasema yote, mbiombio, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope. Kasiano alikuwa amefika, na Mama Skola naye, maana kelele zangu zilifika kwake kabla sijamaliza. Mjane yule akampita Tata, akasimama mbele ya nguruwe wake, mikono kiunoni.

"Shemeji, huyu umeshamwomba radhi?"

Tata akashusha mkono wenye mkuki.

"Nakuuliza. Mkuki umeunoa toka jana, nimeusikia nikiwa kitandani kwangu. Sasa aliyefukua ana miguu miwili. Utamchoma huyo au ulikuwa unaonea wajane tu?"

"Mama Skola, niache."

"Nikuache? Nguruwe ana mimba, angeharibu kwa mshtuko. Nataka kibuyu cha pombe. Si changu, cha nguruwe."

Siku nyingine tungecheka mpaka tuanguke. Siku hiyo hakucheka mtu. Tata aliuchomeka mkuki ardhini, akalitazama shamba. Kazi ya watu wengi. Nikamwambia, "Tuyabomoe yote, Tata. Nitayajenga mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Watu wamelima, wamekunywa, wamekwenda kwao. Niwaambie nini? Kwamba natafuta kiatu?" Kisha akamgeukia Kasiano. Sijawahi kumwona Tata akimtazama mtoto wake hivyo, kama anayeomba. "Unasemaje wewe? Raba ni zako. Ukisema nibomoe, nitabomoa."

Kasiano alijibu haraka mno. "Acha, Tata. Nitakimbia peku. Nimezoea."

Nikamwona kaka yangu amekuwa mtakatifu mbele ya macho yangu. Tata hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga.

Jumamosi tulipanda lori la mahindi hadi mjini. Uwanja ulikuwa wa changarawe. Wengine walikuwa na raba za kila namna, wawili Mbayuwayu kama ya kwetu. Kasiano akasimama kati yao, miguu yake mitupu imejikunja vidole. Alikimbia. Mzunguko wa kwanza wa mbele, wa pili wa mbele, watu wanauliza huyu wa wapi, na mimi napiga kelele wa kwetu, wa kwetu! Mzunguko wa mwisho akapitwa na mmoja, na wa pili, na karibu kabisa na kamba akapitwa na wa tatu. Akawa wa nne. Walichukuliwa watatu. Nilimkuta ameshika magoti, damu inatoka chini ya kidole gumba. Nikajua damu hiyo ni yangu mimi kuilipa.

Mwaka uliofuata tulipotawanya matuta tupande ulezi, jembe la Kasiano likaigonga. Turubai lilikuwa limekwisha kabisa, vipete vya shaba vimekuwa kijani. Lakini soli nzima, na ndege wake anaruka. Akaipangusa kwa paja, akanirushia. "Haya, mtu wako huyu." Hakuongeza neno. Nilisubiri aongeze. Nilisubiri mwaka, kisha nikaacha shule, nikaja mjini na soli yangu mfukoni, nikakaa miguuni pa fundi mmoja mzee kando ya soko. Nilitaka kujifunza kutengeneza raba moja tu, ya kulia, nikampe kaka yangu.

Nikajifunza zote. Nimeiona Mbayuwayu ikikua kama mtu anavyomwona mtoto wa jirani akikua. Ya pili ilikuja na rangi, ya bluu na nyekundu, na ndege wakamtoa chini ya kisigino, wakambandika kwenye kifundo, apate kuonekana. Hapo ndipo dunia ilipoanza kuharibika, kiatu kilipoanza kutaka kuonekana. Ikafuata miaka ile ya kukosa kila kitu, sabuni hakuna, sukari hakuna. Mbayuwayu ikapotea madukani, ikawa inavushwa kutoka Zambia ndani ya magunia ya karanga. Nilipata jozi moja. Nikaipima na soli yangu, namba saba, ikalingana. Nikampelekea Kasiano. Alishukuru kwa mikono miwili. Nilipokwenda tena nikamkuta mkewe ameivaa.

Mitumba ilipoingia, Mbayuwayu ikanenepa. Soli kama mkate, ulimi umejazwa sponji, ngozi badala ya turubai, pete za shaba zimekuwa za plastiki. Nikampelekea nyingine, namba saba. Akampa mwanawe wa kwanza. Zikaja zenye taa kisiginoni, mtoto akikanyaga zinawaka kama gari la polisi. Hizo sikumpelekea, nina heshima zangu. Zikaja za bandia, ndege ana mikia mitatu, nyingine amegeuzwa anaruka kinyumenyume, ukizilowesha mara mbili zinakuacha unatembea na soksi. Kisha hizi za sasa, nyepesi kama povu, ukibonyeza kwa kidole zinaingia ndani. Kila mtindo mpya ulipofika, nilichagua jozi nzuri, nikaitundika chini ya soli yangu kuipima, nikamfungia kaka. Mara sita au saba hivi, katika maisha yetu. Hakuvaa hata moja. Alibaki na makatambuga yake ya tairi, aliyokuwa akijichongea mwenyewe kwa panga, na mimi fundi nikiona aibu hata kuyaangalia.

Tata alikufa, Mama akamfuata, na kwenye misiba yote miwili nilikaa karibu na Kasiano nikiwa na neno mdomoni. Sikulitoa. Unamuulizaje mtu, umenisamehe? Akisema hapana, utakwenda wapi?

Mwezi uliopita alikuja mjini. Mguu mmoja umeanza kufa ganzi, zahanati wakamwambia aache makatambuga, avae kiatu cha kufunika. Alikuja na mjukuu wake Fortunata, anayesoma chuo hapa hapa mjini, binti wa mambo na poa, simu haitoki mkononi. Akaketi kaka kwenye benchi langu la wateja. Fortunata alikuwa na boksi.

"Shikamoo babu fundi."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Mbayuwayu mpya, babu. Toleo la kizamani. Ndiyo inayovaliwa sasa hivi."

Akafungua, nami nikashika mdomo. Turubai jeupe. Pua ya mpira. Matundu sita, vipete vya shaba. Nikageuza: soli ya kahawia, mifupa ya samaki, na ndege amerudishwa chini ya kisigino. Ila turubai wamelipaka unjano kidogo, na soli wameichafua kwa mashine kiwandani, ionekane imevaliwa miaka mingi. Mtu analipa bei kubwa anunue uchafu wa watu wengine! Sisi tulisugua kwa jivu mpaka ngozi ya vidole ikatoka ili ziwe nyeupe. Nilimwambia hayo, akacheka, akavaa, akatembea hatua tatu hadi kwa muuza nyanya na kurudi.

"Aa, inabana hii. Kesho nairudisha, wanibadilishie."

Amesema hivyo tu. Inabana. Mbele ya babu zake wawili, na mbele ya muuza nyanya.

Kasiano akaanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikawa kikohozi, nikampa maji. Akafuta macho.

"Kumbe ni rahisi hivyo," akasema.

"Rahisi nini?"

Akaunyoosha mguu mbele yangu. Nikachukua kipande cha boksi na penseli ili nimchore mguu, kama ninavyomchora kila mteja. Nikauvua ule mguu wa kaka yangu katambuga lake, nikauweka juu ya karatasi. Sijawahi kuushika mguu wa Kasiano maisha yangu yote. Nikauzungushia penseli. Kisha kwa mazoea ya mkono, nikaitungua soli kutoka msumarini, nikailaza juu ya mchoro.

Ilipungua vidole viwili.

Nikaisogeza. Nikailaza upya. Mguu wa mzee hutanuka pembeni, hilo nalijua, ndiyo kazi yangu. Lakini haurefuki hivyo. Kijana wa miaka kumi na saba mguu wake umeshafika unakokwenda. Mimi, fundi wa zaidi ya miaka hamsini, niliyepima miguu ya nusu ya mji huu, sikuwahi kukipima kipimo changu mwenyewe.

"Kaka," nikasema. "Raba zile."

"Namba saba," akasema. "Mimi navaa kumi. Nilikuwa navaa kumi wakati ule."

"Ulisema zimekukaa vizuri."

"Ningesema nini? Beberu ameshaliwa. Kofia ilirudi haina unyasi, nikajua mvua iliuchukua, mzee akakisia kwa macho, akaona aibu kurudi. Nilimwona anavyonitazama nikivaa. Nikasema zimenikaa." Akaisogeza soli kwa kidole. "Usiku wote nilikuwa nawaza nitakimbiaje na vile vitu. Wewe ukaja ukapiga kelele shambani. Karibu nikukumbatie."

"Na ukaninyamazia miaka hamsini?"

"Tata alikuwa hai. Nikuambie wewe, wewe na mdomo wako, umwambie yeye? Alipokufa nikaona umeshakuwa fundi mkubwa, una nyumba ya bati. Nikasema nisimharibie mtu." Akaigeuza soli. "Halafu ukawa unaniletea tu namba saba."

"Na mbio? Ungekuwa na raba ya kukutosha..."

"Wale watatu walikuwa na mbio kuliko mimi. Basi."

Fortunata alikuwa ameishusha simu. Muuza nyanya naye alikuwa ameacha kupanga nyanya zake. Nilitaka kukasirika, na niseme ukweli nilikasirika kweli, nikainuka, nikakaa tena. Nimeacha shule kwa kiatu ambacho hakikumwenea mtu. Nimekwepa macho ya kaka yangu kwenye kaburi la baba na la mama. Kisha nikamwona yule nguruwe amesimama kwenye ukungu anatafuna, hana habari, na nikacheka mpaka penseli ikaniponyoka.

Kila siku nawasema vijana hawa. Hawasalimii mpaka uwakoholee, wanavaa suruali zilizochanwa, wananunua kiatu kilichochafuliwa kiwandani na kukitupa msimu ukiisha. Jozi nane chini ya kitanda na hakuna hata moja inayoweza kukusanya kijiji. Zetu zilikusanya. Raba moja ilimfanya Tata aachane na beberu wake, na ikamfanya mvulana apige magoti kwenye tope aokoe nguruwe wa mjane. Hayo hayapo tena, na mimi nayalilia. Lakini hawa kiatu kikiwabana wanasema kinabana, na kesho yake wanavaa kingine. Sisi tulisema kimetukaa vizuri, tukashukuru kwa mikono miwili, tukazeeka nacho.

Soli nimeirudisha msumarini. Siipimii mtu tena. Viatu vya Kasiano nilivimaliza Alhamisi, ngozi laini, namba kumi, na mbele nimeacha nafasi ya kidole gumba. Alipovaa nikamwambia atembee hadi kwa muuza nyanya na kurudi, na nikamwuliza kama vimemkaa.

Akasimama, akafikiri kwanza.

"Cha kulia," akasema, "kinabana kidogo hapa pembeni."

Nikamwambia avue, nikashika kisu.